Sauti ya Mama Kwenye Albamu ya Nne

Haifa alishuka basi vituo viwili kabla ya kufika kwa mama yake, akajidanganya kwamba anataka kunyoosha miguu. Miguu gani ya kunyoosha, na tangu asubuhi alikuwa hajakaa kitako? Alizunguka ziwa la Thamesmead, pembeni ya London, mara moja, akalizunguka tena, akasimama, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma, akairudisha. Ilikuwa fomu ya ukurasa mmoja tu. Mwenye sauti aandike jina hapa, atie saini pale. Saa kumi na moja ikifika bila saini, wimbo unaondolewa kwenye albamu, kwa sababu kesho kiwanda kinaanza kuchapa santuri.

Simu ikalia. Alikuwa Jaspal, mpiga ngoma wa bendi yao, kwa mara ya nne. Jaspal ni mtu wa Southall, magharibi ya London, lakini baba yake alizaliwa Kisumu, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha kurithi, cha kuombea chai na kulalamikia mvua.

"Umefika?"

"Niko njiani."

"Njiani tangu saa sita? Haifa, please. Ni mama yako. Saini, chai, kwaheri."

Akakata simu. Jaspal alijua maneno ya wimbo ule, ila uzito wake hakuujua.

Usipoijua bendi ya Tuesday Lodgers usijilaumu, wengi hawaijui. Albamu yao ya kwanza, Rent Week, ilitoka Haifa akiwa na miaka ishirini, na magazeti yakaisifu mpaka kichwa kikamvimba. Akaacha chuo, mwaka wa pili wa ufamasia, akapanda gari la vyombo vya muziki kwenda kupiga gitaa miji ya baridi. Mama yake, Bi Miska, alimtumia ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja: "Haifa, ikiwa umechagua magitaa ukaacha masomo, basi nenda. Lakini mimi sina radhi nawe."

Mtu mwingine angesema hizo ni hasira za mzazi, zitapita. Mtoto wa Kizanzibari hasemi hivyo, hata akiwa amelelewa London tangu ana miaka minne. Afadhali mama akutukane matusi yote ya sokoni kuliko hilo neno moja. Haifa naye, mwenye kichwa kigumu kama aliyemzaa, aliuhifadhi ujumbe kisha akaifungia namba ya mama yake. Miezi mitatu hawakusemezana, mpaka baba yake, Mzee Ameir, alipolazwa hospitali kwa moyo. Wakakutana kando ya kitanda chake, wakaongea habari za madaktari na uji. Baba akapona, namba ikafunguliwa, na tangu siku hiyo wanazungumza kila kitu isipokuwa neno lile.

Albamu ya pili, Second Post, ilifanywa mbiombio, na gari lao likawaka moto njiani kwenda Leeds. Ya tatu waliiita Everybody Out, yaani Wote Nje, ikatoka wiki ileile ambayo nchi nzima iliamriwa ikae ndani. Kampuni ya muziki ikawaacha. Wenzake walimlaumu meneja, wakalaumu korona. Haifa hakubishana nao, maana yeye alikuwa na sababu yake, ya sekunde kumi na moja.

Mwaka jana, kwa uchungu, akaifanya sababu hiyo kuwa wimbo. Sauti ya mama inaanza peke yake, kisha gitaa linaingia. Kiangazi chote, kwenye matamasha ya viwanjani, vijana wa Kiingereza wenye matope mpaka magotini waliruka wakimpigia kelele, "Sina radhi nawe!" Maelfu yao, wanacheka, wamefurahi. Kila mara aliinamia gitaa asiwaone, na kila mara aliupiga tena kesho yake. Kwa ajili ya wimbo huo kampuni mpya iliwachukua. Bila huo, albamu ya nne ilikuwa ganda tupu.

Haifa alipobisha hodi hatimaye, Bi Miska alikuwa amerudi kutoka kazini, bado na sare yake ya nyumba ya kulelea wazee. Haifa akambusu mkono.

"Mbona unahema? Umekimbizwa?"

"Nimetembea tu, Mama."

"Kaa ule. Mkate wa ufuta wa moto."

Hakukaa. Alisogeza kiti, akakirudisha, akaenda dirishani, akarudi. Mama yake akazima jiko.

"Sema. Una mimba au una deni?"

"Mama! Nina fomu. Nataka usaini. Ni kwa ajili ya sauti yako. Iko kwenye albamu."

"Sauti yangu? Nimeimba lini mimi?"

Haifa hakuwa na namna nyingine. Akaufungua wimbo kwenye simu. Bi Miska akaiweka sikioni kama anavyosikiliza kila ujumbe, kichwa kimeinama, macho sakafuni. Dakika tatu na nusu hakutikisika. Haifa aling'ata ukucha mpaka kidole kikatoka damu.

"Watu wanauimba huu?"

"Ndiyo."

"Na haya maneno yangu?"

"Hayo ndiyo wanayoyaimba zaidi."

"Neno lile mimi nililisema mara moja," akasema Bi Miska taratibu. "Na halikufika magharibi, nikalifuta."

"Ulilifuta? Hukuniambia!"

"Ningekwambia vipi tena? Si nilikutumia ujumbe? Miaka tisa nangoja unijibu."

Mama yake alikwenda kuchukua simu yake chumbani. Kila akinunua simu mpya, Munir, kaka yake Haifa, humhamishia kila kitu, kwa sababu Bi Miska hafuti hata picha ya risiti. Akapandisha, akapandisha, mwaka hadi mwaka, kidole hakina haraka. Kisha akamwonyesha. Ujumbe wa sauti, tarehe ileile ya ule wa sekunde kumi na moja, saa kumi na moja jioni, na pembeni alama moja tu ya kijivu. Haukuwahi kufika. Namba ilikuwa imefungiwa.

Bi Miska akabonyeza.

"Haifa, mama yako huyu. Nimesema neno, na nilipolisikia likitoka sikulipenda. Nimelifuta. Radhi yangu unayo, usome usisome. Na jaketi lako umeliacha hapa mlangoni. Huko uendako kuna baridi, mwanangu."

Haifa alilia kwa sauti, bila aibu, kama alivyolia siku ya kwanza ya shule.

"Nilidhani umeusikia ukaninyamazia," akasema mama yake. "Nikasema wacha, ana hasira, zitapoa. Haya, lete kalamu."

"Mama, si lazima."

"Nilisema au sikusema? Nilisema. Siwezi kuikana sauti yangu. Na huyo Jaspal wenu ana mtoto mchanga." Akaandika jina lake kamili, herufi moja moja, akatia saini na tarehe. Ilikuwa saa kumi na nusu. Simu ya Haifa ikalia.

"Amesaini?"

"Amesaini."

Jaspal akapiga ukelele, nyuma yake kichanga kikashtuka kikalia.

"Jaspal, sikiliza. Waambie wautoe."

"Nini?"

"Wautoe. Siuimbi tena."

"Lakini amesaini! Haifa, bila huo hatuna kitu, you know that."

"Najua. Lakini si kweli. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiwaambia watu jambo ambalo si kweli juu ya mama yangu."

Kichanga kikaendelea kulia. "Basi utawaambia wewe," akasema Jaspal, na sauti yake haikuwa ya rafiki.

"Nitawaambia mimi."

Akampigia meneja papo hapo, amesimama katikati ya jikoni, akasema maneno mawili, akamwacha agombe mpaka alipochoka. Alipokata, Bi Miska alikuwa anaitazama fomu mezani.

"Sasa mtakula nini?"

"Sijui, Mama."

Alikuwa hajui kweli. Kulikuwa na wenzake wawili wa bendi ambao huenda wasimsamehe. Akanyoosha mkono. "Naomba niusikie ule ujumbe tena."

Bi Miska akampa simu. "Na safari hii," akasema, "unijibu."