Uzi wa Kushikizia

Kijiko kiligonga kikombe, kikagonga tena. Kulikuwa hakujapambazuka. Mjukuu wangu alikuwa ameamka kumalizia kazi ya shule.

"Bibi, kisasi ni nini?"

"Ni kumrudishia mtu ubaya aliokutendea. Kunywa chai."

"Kamusi inasema neno limetoka Kiarabu, mzizi mmoja na mkasi. Kukata, na pia kufuata nyayo za mtu." Akacheka. "Basi fundi cherehani, unashika kisasi kila siku!"

Sikucheka. Chai ilinishinda.

Miaka tisa iliyopita wifi yangu alisema mbele ya ukoo mzima kwamba nashona kama niliyefumba macho. Neno hilo nikaliweka moyoni. Mwaka huohuo bintiye alipotaka kuolewa, wifi aliniletea mimi kitambaa cha gauni. Nikalishona vizuri, ila ubavuni nikaacha uzi wa kushikizia tu, ule unaokatika ukivutwa kidogo. Nilitaka lifumuke mbele ya wageni. Siku ya harusi nikajifanya mgonjwa.

Halikufumuka. Sikuuliza kwa nini. Ila tangu siku hiyo sikuweza kumtazama wifi usoni, wala kukanyaga kwake.

Mjukuu alipokwenda shule, nikavaa viatu. Nilimkuta wifi mlangoni anachambua mchele.

"Heh! Leo jua limechomozea wapi?"

"Wifi, lile gauni la harusi..."

Akaweka ungo chini. Kabla ya neno lolote alinisogezea kiti chenye mto. Bado alikumbuka goti langu bovu.

"Niliuona ule uzi siku ileile ulipolileta," akasema. "Nikashona upya kwa mkono. Vidole vyangu vilitoboka kama chujio!"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angekuletea nguo tena? Na mdomo wangu huu ndio ulioanza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka yote hiyo nimeishi kwa wateja alionitunzia yeye.

"Nisamehe, wifi."

"Nilishasamehe. Nilikuwa nangoja uje useme mwenyewe. Miaka tisa! Una mwendo wa kinyonga wewe."

Nikalia, naye akaniacha nilie, akiendelea kuchambua mchele wake taratibu. Nilipoinuka kuondoka, alinishika mkono mpaka barabarani.

"Jumamosi uje tena," akasema. "Uje na mkasi wako. Nina mapazia ya kukata."