Mke Mwenzangu Ana Bima Kubwa

Mume wangu ana wake wawili: mimi, na gari la zamani alilorithi kwa baba yake. Mwenzangu huogeshwa kila Jumamosi, hufunikwa shuka, na hajawahi kuambiwa mchuzi umezidi chumvi.

Alilikatia bima ndogo tu, ile ya kuwalipa wengine ukiwagonga. Nikimwambia akate kubwa, ya kulilipia na gari lenyewe, ananicheka.

"Mama watoto, gari lenyewe halivuki geti. Litagongwa na nini, kuku?"

Nilikasirika, kwa sababu nilijua likiharibika, yeye hatainuka. Baba yake hakumwachia kingine.

Basi nikachukua hela yangu ya cherehani, nikaenda ofisi ya bima. Wakaniambia, ukilithamini kwa mwaka lilipotengenezwa, gari kama hilo ni chuma chakavu. Lazima mthamini alikague, mkubaliane thamani yake mapema. Mthamini akaja asubuhi moja, mume wangu akiwa kazini. Akapiga picha, akauliza, nikajibu. Fomu nikaijaza mwenyewe, nikaichomeka katikati ya karatasi za shule za watoto. Mume wangu akazitia sahihi zote bila kusoma, kama kawaida yake.

Haikupita miezi mitatu, tangi la maji la jirani likaporomoka kutoka juu ya mnara wake, likavunja paa la banda na kulilalia gari. Jirani akaapa hana kitu. Mume wangu akakaa chini kwenye matope, akalia. Hata msibani kwa baba yake sikumwona akilia. Iliniuma, nikalia naye, mke mwenza au si mke mwenza.

Kisha nikamletea bahasha ya bima. Safari hii alisoma. Palipoulizwa kipi ni cha asili na kipi kimebadilishwa, alikuta mwandiko wangu: usukani ni wa asili, taa ya kushoto ilibadilishwa mwaka aliozaliwa kifungua mimba wetu, mkwaruzo wa mlango wa dereva ni wa pete ya marehemu baba mkwe, usipakwe rangi.

"Haya yote nani kakwambia?"

"Wewe. Jumamosi zote hizo, miaka kumi na tisa."

"Mimi nilidhani naongea na gari."

Bima ililipa, gari likanyooshwa, mkwaruzo ukaachwa. Siku hizi Jumamosi, kabla hajashika ndoo, hunitolea kiti.