Kengele ya Kiti cha Umi

Kitu cha kwanza alichokiona Nasma kilikuwa mstari mweupe kwenye mshono wa kiti, mwembamba kama uzi, kama ule unaobaki kwenye shati la mtu aliyeoga baharini akakauka nalo mwilini. Injini ilikuwa bado inanguruma. Kiti cha mbele cha kushoto kilikuwa kitupu, na kengele ya mkanda ilikuwa inalia bila kupumzika: ti, ti, ti.

"Inalia hivyo tangu arubaini ipite," alisema mzee Shaweji, mwenye gari. "Hakuna mtu, yenyewe inalia. Nikachomeka ulimi wa mkanda mwingine, ule wa kudanganyia, ikanyamaza. Mama Umi akauchomoa, akautupa jalalani."

"Jalalani!" Mjomba Haruna, mwenye ofisina ile ya kutengeneza magari, alianza kucheka. Kisha akamwona Bi Mwanahamisi, mke wa Shaweji, mama Umi mwenyewe, ameketi kiti cha nyuma. Kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Mnataka kumziba mdomo," alisema Mwanahamisi bila kugeuka. "Gari linajua kuna mtu. Nyinyi ndio hamjui."

Pale Mocímboa, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji, habari ile ilikuwa haina mgeni. Umi, binti yao wa pekee, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, damu ikatoka isikome, baba yake akamkimbiza hospitali kwa gari hilo hilo, kwa njia ya Mueda. Walipokipita kijiji cha Diaca alikuwa amekwisha kata roho, na mtoto wake tumboni. Mama yake alikuwa Nhica do Rovuma, kwenye msiba wa dada yake. Aliporudi alikuta kaburi. Na tangu kengele ilipoanza kulia, kila asubuhi aliingia garini, akaketi nyuma ya kile kiti, akaongea nacho mpaka adhuhuri. Chakula alikuwa anakionja tu.

"Ninaogopa, Haruna," Shaweji alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto nimemzika. Sasa naona ninamzika na mama yake. Utafute ugonjwa wa gari hili, auone kwa macho yake mwenyewe, labda atarudi ndani ya nyumba."

"Kazi hiyo ya Nasma. Kusema hasemi, lakini vidole vyake vinaingia pasipoingia vyangu."

Nasma aliinamisha uso. Shule aliiacha darasa la nne, mwaka waliokimbia vita, na tangu warudi alikuwa anajifunza umeme wa magari kwa mjomba wake. Umi alikuwa shoga yake. Siku ile Nasma alikuwamo garini. Walimchukua ashike beseni na vitambaa. Baadaye watu walimuuliza Shaweji mambo yalivyokuwa. Yeye hakuna aliyemuuliza.

Alizima gari, akatoa waya wa bateria, akangoja kidogo, maana chini ya kiti kuna plagi ya njano ya mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, nayo haifanyiwi mchezo. Akafungua bolti nne. Kiti kilipotolewa na kuwekwa juu ya mkeka, Mwanahamisi naye akashuka, akakaa kando yake.

Nasma akakivua kitambaa. Chini yake, juu ya sponji, palikuwa na utando mwembamba wenye nyaya. Mtu akikaa, nyaya hugusana, gari likajua lina abiria, likadai mkanda. Akaweka kwenye nyaya ncha mbili za testa ya umeme. Kiti kitupu kilitakiwa kionyeshe kwamba nyaya hazigusani. Testa ikaonyesha zimegusana, kama vile mtu amekaa. Akaichomoa plagi ya utando: pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na pembeni palikuwa na chembe nyeupe. Akaokota moja, akaiweka ulimini.

"Imechakaa?" aliuliza Haruna.

Angeweza kuitikia kwa kichwa. Utando mwingine ungeagizwa Mtwara, na mambo yangeishia hapo. Lakini Mwanahamisi alikuwa anamtazama, na neno lile la kuchakaa alikwisha kuambiwa na mumewe mara nyingi, na kila mara alirudi garini.

"Chumvi," alisema Nasma. "Imeula utando kidogo kidogo, nyaya zikagusana."

"Chumvi! Kwani mzee Shaweji siku hizi unawapakia papa kiti cha mbele?"

"Nilikiosha mimi, mjomba." Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka ikabidi wainame. "Siku ya mazishi bomba lilikuwa kavu, na maji ya kisima yaliwekwa ya kumwoshea marehemu. Nikachota baharini, ndoo sita. Damu inatoka vizuri kwa maji ya bahari. Sikutaka mama Umi arudi aikute."

Shaweji alishika kichwa. Mwanahamisi akapitisha kidole juu ya zile nyaya, polepole, moja moja.

"Kwa hiyo hayumo."

"Hayumo, mama."

Akakifuta kidole kwenye kanga. Kisha akasema, "Basi niambie wewe uliyekuwamo. Huyu mume wangu ananiambia Umi alikwenda kama aliyesinzia. Miezi mitatu ni hivyo hivyo, kasinzia, kasinzia. Alisinzia?"

"Mama Umi, mwache mtoto wa watu," alisema Shaweji.

"Simwachi. Nasma, nitazame. Alisinzia?"

Nasma aliiweka testa chini.

"Hakusinzia, mama. Alisema mkanda unamuumiza tumbo, akaniomba nimfungulie. Nikamfungulia. Kengele ikalia, baba Umi akasema mfunge, njia ina mashimo. Nikamdanganya baba. Nikaupitisha mkanda nyuma ya mgongo wake, nikaufunga mtupu, kengele ikanyamaza. Karibu na Diaca gari likaingia shimoni, Umi akaenda mbele, nikashindwa kumzuia. Damu ndipo ilipozidi. Tangu siku hiyo, mama, sijui kama ni uzazi uliomuua au ni mimi."