Risasi Laini

Mwinshehe aliisukuma risasi kwa kidole, ikabiringika juu ya kipande cha kioo cha dirisha alichokilaza mezani, ikafika ukingoni bila kuyumba. Akaiweka kulia. Ya pili ilitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekataa jambo kwa adabu. Hiyo akaiweka kushoto. Jua lilikuwa bado nyuma ya vilima vya Mikumi, na chai yake ilikuwa imeshapoa.

"Mzee, unachagua risasi au maandazi?" Marko, dereva wa kambi na mchuna ngozi wake, alikuwa akipita na dumu la maji begani.

"Andazi lililopinda utalila tu."

"Nitalila, tena mawili."

Kazi ya Mwinshehe katika kambi ile ya uwindaji, nje ya mpaka wa hifadhi, ilikuwa na sehemu mbili. Alitunza bunduki na risasi. Na mnyama alipoanguka, yeye ndiye aliyekimbia na kisu kumwahi kabla roho haijatoka, amchinje kwa jina la Mungu, ili Waislamu wa vijiji vya jirani nao wapate nyama. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza akikimbia namna hiyo. Kwao Tindiga hakuna aliyeuliza tena. Ikisemwa kwamba nyama kaileta Mwinshehe, sufuria linabandikwa.

Vitalis, mwindaji bingwa wa kambi, alikuja akifunga mkanda. Alikuwa kijana wa Lumuma, Mkatoliki, mtu wa maneno machache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgeni kaamkaje?"

"Goti limevimba. Kutambaa hawezi. Itabidi apige kutoka kwenye mwinuko, mbuga yote ikiwa mbele yake. Mita mia tatu, pengine na zaidi." Alivuta kiti. "Na bosi kakumbuka ahadi yake. Pofu wa leo ni wako. Swala mkubwa kama ng'ombe, anatosha arobaini ya mama."

"Keshokutwa," Mwinshehe alisema. "Mdogo wangu ameshaazima masufuria."

"Basi risasi chagua wewe. Mwenye daftari ni wewe."

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, la mistari, limeshonwa mgongo kwa uzi wa gunia. Hakuna aliyemfundisha kuliandika. Kila mnyama alikuwa na mstari wake: risasi gani, umbali gani, imeingilia wapi, mnyama alikwenda hatua ngapi kabla ya kulala. Kwa mistari hiyo alikuwa amejifunza kwamba kwa bunduki hii ya .375, iliyolengeshwa mita mia, risasi ikifika mia tatu huwa imeshuka kama kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kwamba upepo wa alasiri katika mbuga ile huisogeza upana wa kiganja.

Yote hayo aliyajua. Kilichobaki kilikuwa maboksi mawili.

Katika boksi la kwanza mlikuwa na risasi ngumu, shaba tupu hadi nchani. Huingia, hupita mfupani, hutokea upande wa pili na kuacha tundu dogo. Katika la pili mlikuwa na risasi laini, zenye ncha nyeusi ya madini ya risasi iliyochomoza. Hizo zikiingia hupasuka kama ua na kubaki humo humo. Mnyama wa risasi laini, ikimpata vizuri, huanguka pale pale na kufa. Wa risasi ngumu, ikimpita kwenye pafu, husimama kwanza, hutembea, hulala, huhema. Humpa mtu mwenye kisu nafasi ya kufika.

Mita mia tatu za nyasi, kwa miguu yake, zilikuwa dakika mbili na nusu. Alishazipima.

Kulikuwa na misimu ambayo sikukuu ilikaribia na kijiji kikasubiri, naye akatoa risasi ngumu bila kusema neno. Hakuna aliyeshangaa, maana kwa wanyama wakubwa risasi hiyo haina aibu. Lakini mwaka jana alimtolea mgeni mwingine risasi ngumu kwa pofu jike. Ilimpita nyuma ya bega, akaondoka na jeraha lake. Mwinshehe alifuata damu siku mbili. Alimkuta amelala chini ya mgunga, kichwa kikiwa bado juu, na fisi wameshaanzia kwenye kiwele. Mnyama alimtazama Mwinshehe akija. Kwenye daftari, mstari ule hakuuandika.

Alihesabu tano laini kutoka upande wa kulia, akazifuta kwa kitambaa, akampa Vitalis.

Vitalis alizigeuza kiganjani. "Laini? Umepiga hesabu ya miguu yako?"

"Nimepiga."

"Ngumu nayo si kosa, mzee. Mgeni hatajua tofauti."

"Najua."

Vitalis alimtazama kidogo, kisha akazitia mfukoni.

Saa kumi alasiri pofu walitoka kwenye miombo, kumi na wanne, wakiingia mbugani kwa mwendo wa watu wazima. Mgeni, daktari wa meno mstaafu, alikuwa amelala kifudifudi juu ya turubai, goti lake limewekewa mto. Mwinshehe aliachia vumbi kidogo kutoka mkononi, akalitazama lilikokwenda, akamnong'oneza Vitalis: "Kiganja kimoja, kushoto." Vitalis akatafsiri. Dume zee, shingo nyeusi, lilijitenga na wenzake. Mwinshehe alivua viatu.

Mlio ulipotoka yeye alikuwa ameshaondoka.

Alikimbia. Nyasi zilimfika kiunoni, chini yake udongo mweusi uliopasuka ukitafuta vifundo vyake. Mbele hakuona kitu tena. Dume lilikuwa limeanguka lilipokuwa limesimama, na nyasi zimelifunika. Aliita jina la Mungu mapema, tangu njiani, pumzi ikikatika kati ya neno na neno. Alianguka mara moja. Aliinuka.

Alipofika, kisu kilikuwa mkononi. Alipiga magoti, akachuma unyasi, akaligusa jicho kwa ncha yake. Jicho halikupepesa. Akaligusa tena.

Marko alifika akihema, ameliacha gari kwenye ukingo mgumu. "Umewahi?"

Mwinshehe aliligusa jicho mara ya tatu.

Mguu wa nyuma ulitikisika.

"Huyo. Mguu umecheza. Kata, mzee."

"Mguu hucheza hata wa maiti."

"Bado wa moto huyu. Damu itatoka vizuri tu. Kata, nani atakuuliza?"

"Hakuna atakayeuliza," Mwinshehe alisema. Alikaa chini kwenye nyasi, mkono mmoja juu ya ile shingo pana. "Hakuna hata mmoja."

Marko alitafuta sigara yake, akakumbuka yuko mbele ya mzee, akairudisha.

Kuna walimu wanaosema jina la Mungu likitajwa wakati wa kupiga linatosha, na kuna wanaosema halitoshi. Mwinshehe hakusoma vya kutosha kuwaamua. Tena aliyepiga hakulitaja. Alirudisha kisu alani.

Vitalis alikuja akamtazama mnyama, akamtazama yeye, akavua kofia. Alisema atamrudisha mgeni kambini kwa gari, na asubuhi litakuja trekta, maana nyufa za mbuga ile zingenasa magurudumu ya gari. Mwinshehe na Marko wabaki, wachune wanachoweza, wawashe moto wa kuzuia fisi.

Walichuna ubavu wa juu. Jua lilipogusa miti, Mwinshehe alipanda kichuguu kutafuta mtandao.

"Kaka," Sikuzani, mdogo wake, alisema, na nyuma yake zilisikika sauti za wanawake na kinu. "Tuambie tu, tuloweke mchele wa watu wangapi?"

"Pofu amepatikana. Sikumwahi."

Kinu kiliendelea kutwanga.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Sikuzani akasikika akimwambia mtu, mbali na simu, "Mwanne, yale maharage ya Magole bado yapo?" Akarudi. "Na hiyo nyama?"

"Watakula kina Marko. Wakristo wa huko wakitaka, nitawaletea, niwaambie ilivyokuwa."

"Mama angekuuliza kwa nini hukukimbia."

"Nilikimbia, Siku."

"Najua ulikimbia," alisema. "Njoo mapema."

Alishuka. Ubavu wa chini ulikuwa bado na ngozi yake, umelalia nyasi. Ulihitaji mikono minne kuugeuza, nao ungesubiri kesho. Marko alikuwa amewasha moto, akinoa kisu chake bila kuongea. Upepo ulikuwa umetulia. Kutoka gizani, upande wa miombo, ilianza kusikika milio midogo mikavu, moja baada ya nyingine, kama watu wanaoliza viungo vya vidole. Marko aliinua kichwa.

"Magoti yao," Mwinshehe alisema. "Pofu wakitembea, magoti hulia. Ni wenzake huyu."

Milio ilisogea, ikasimama karibu na mwanga wa moto, ikakaa hapo.