Bunduki Nyepesi ya Wendell Harju

Jumamosi ya tatu mfululizo Wendell Harju alifika kwenye uwanja wa shabaha wa klabu, na safari hii alikuwa amechoka kabla hata hajafungua mlango wa gari. Goti lilikuwa linauma, bega lilikuwa linauma, na ile bunduki mpya iliyolala kiti cha nyuma hakutaka hata kuitazama. Msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Akishindwa leo, hakuna kwenda msituni, na sheria hiyo hakutungiwa na serikali wala klabu. Aliitunga mwenyewe.

Kambini kwao, kile kibanda cha mbao alichojenga na shemeji yake Gordy, hakuna anayepanda dunguni kuvizia mnyama kabla hajapiga risasi tatu ndani ya sahani ya karatasi kwa umbali wa yadi mia. Sahani yako unaiandika jina, unaitundika kwenye msumari juu ya jiko. Sheria ilianza mwaka ambao binamu mmoja alimpiga kulungu tumboni, wakafuata matone ya damu siku mbili kwenye theluji na wasimpate. Wendell ndiye aliyegonga meza. Tangu hapo amewazuia watu wazima na heshima zao, na mwaka juzi alimzuia Gordy mwenyewe, kaka wa marehemu mkewe, akabaki kuosha vyombo wiki nzima. Gordy alinuna mpaka Krismasi. Sasa mtu wa namna hiyo anarudije kambini bila sahani?

Uwanjani alimkuta Darla Ketola, mwanamke anayesimamia mstari wa kufyatulia, kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi, filimbi shingoni. Meza ya pili alikuwepo Curt Lindfors, dereva wa gari la kusafisha theluji, na bunduki yake ilikuwa aina ile ile ya Wendell: komeo la kuvuta kwa mkono kila risasi, kitako cha plastiki, bei ya kumfaa mtu wa mshahara wa kawaida. Nusu ya wilaya wanayo.

"Mzee Wendell!" Curt alipaza sauti. "Umerudi tena? Mimi nilidhani umeshaitupa ziwani."

"Leo ikinitia aibu, itaenda huko."

"Acha zako. Hii bunduki haina kosa. Yangu nimeitumia misimu minne. Kitako ukikigonga kinalia kama ndoo tupu, komeo linakwaruza kama droo ya kabati la bibi, na magazini iliwahi kunidondokea kwenye theluji nikaitafuta hadi mchana. Lakini risasi inakwenda ninakoangalia."

"Yako, sawa. Yangu ni kimeo."

"Mnasema hivyo hivyo nyote," alisema Darla. "Nami ninayo. Triga ilikuwa ngumu kama kufungua mtungi wa achari. Nimeizoea. Kaa chini, mzee wangu, upige."

Wendell alikaa. Hakuwaambia kwa nini aliinunua, maana aibu nyingine humezwa. Bunduki yake ya zamani, ya mti na chuma, aliibeba miaka arobaini, na mwaka jana kupanda nayo kilima cha kwenda dunguni kulimlazimu kupumzika mara nne. Mara ya nne alikaa juu ya gogo akitweta, akalia kidogo, peke yake. Akarudi nyumbani, akampa binti yake ile nzito, akanunua hii nyepesi. Alifurahi nayo dukani kama mjinga. Hakuna aliyemkumbusha jambo ambalo yeye mwenyewe amewafundisha wengi: bunduki nyepesi yenye risasi kubwa inapiga teke kuliko nzito. Na teke lote linaishia kwenye bega, bega ambalo daktari alishalipasua mara moja.

Alipiga tatu. Darla akapuliza filimbi, makomeo yakafunguliwa, watu wakaenda kutazama karatasi zao. Ya Wendell ilikuwa na tundu moja chini kabisa kushoto, nje ya sahani. Nyingine mbili zilikwenda zinakojua zenyewe.

"Darubini ya kulengea imelegea," alisema Wendell.

Curt akatoa bisibisi, akakaza skrubu moja moja, akatikisa kichwa. "Zote zimekaza, mzee. Umeizungusha mara ngapi hii darubini?"

"Kila ikikosa."

"Kila risasi?"

"Sasa ningefanyaje?"

Curt alimtazama Darla, na Darla akajitia anakung'uta theluji kwenye buti. Kila mtu mstarini pale anajua hupaswi kugusa darubini kwa risasi moja. Unapiga tatu, unaangalia zimekaa wapi, ndipo unazungusha. Wendell alijua pia. Ni vile tu alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukimbilia kuzungusha vifundo.

"Hebu nipishe," alisema Darla.

Alikaa, akavuta pumzi, akapiga tatu bila haraka. Walipofika kwenye karatasi, matundu matatu yalikuwa yamekaribiana kiasi kwamba kikombe cha kahawa kingeyafunika, ila yalikuwa juu kulia, mbali na sahani. Wendell alikuwa ameivuta darubini kufukuza kosa ambalo halikuwa la bunduki. Darla aliirudisha taratibu huku akihesabu mibofyo ya kifundo, akabandika sahani mpya, akapiga tena. Matatu katikati.

"Haya," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko kawaida. "Sasa iko sawa. Piga zako."

Alipiga zake. Chini kushoto, chini kushoto, zote nje ya sahani, na moja kwenye tope.

Darla akachukua magazini, akampa mgongo akiijaza, akamrudishia. "Tatu za mwisho, mzee. Usiangalie upande wangu."

Ya kwanza ililia na kumkanyaga bega. Akavuta komeo, akapakia ya pili, akalenga ile sahani nyeupe kule mbali, akabana triga.

Ka!

Haikulia. Darla alikuwa amechanganya ganda lisilo na baruti. Lakini mtutu ulikuwa umeshuka kana kwamba mtu ameuvuta kwa kamba, bega limerudi nyuma, na macho ya Wendell yamefumbwa kabisa, yamekazwa kama ya mtu anayesubiri sindano. Alikaa hivyo kwa sekunde nzima, akijilinda na teke ambalo halikuja. Curt alianza kucheka, kwa mazoea tu, kisha akajikatisha na kujifanya anakohoa.

"Unafumba macho kabla ya teke, mzee," alisema Darla.

"Nimeona."

"Si wewe tu. Humpata kila mtu. Ukipata kitako chenye mpira mnene, risasi ndogo, miezi miwili mitatu ya mazoezi..."

"Jumatatu, Darla. Ni keshokutwa."

"Najua."

Wendell alitoa lile ganda na risasi moja iliyobaki, akaviweka mezani. Alijisikia mzee. Si ule uzee wa mzaha ambao alikuwa akiusingizia kila akiombwa kubeba kitu, bali wenyewe.

Curt alikwenda mpaka kwenye shabaha, akabandua ile sahani ya Darla, akarudi nayo na kuiweka mbele yake. "Chukua, mzee. Bunduki ni yako, uwanja ni huu huu, matundu ni matatu. Nani atauliza?"

"Curt," alionya Darla.

"Ninasema tu. Mtu amekwenda kambini miaka arobaini! Atapanda dunguni, atakunywa chai yake ya chupa, na huenda asione hata mkia. Kuna ubaya gani?"

Darla aligeuka akaenda kumfokea kijana wa meza ya mbali ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Wendell aliichukua. Nitasema ukweli, aliichukua bila kusita, akaiweka ndani ya koti kama mtu aliyeiba mkate. Aliingia garini, akawasha hita, akachomoa kalamu kwenye kibebea vikombe, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake kwenye ukingo wa sahani. W. Hapo simu ikalia, na alikuwa Gordy.

"Haya, hakimu! Umepita?"

"Shemeji."

"Nimeshanunua nyama ya pai. Nimeweka vitunguu na turnipu, maana najua ukila bila turnipu utalalamika mpaka Ijumaa. Haya niambie, hicho kimeo chako kimeshakubali?"

"Bunduki ni nzima, Gordy."

"Si nilikuambia! Kwa hiyo umepita."

Wendell aliangalia ile W. Akilini alimwona kulungu mwenye tumbo wazi akijiburuta kwenye mierezi, na alijua ni nani atakayefumba macho safari hii.

"Nimesema bunduki," alisema. "Sikusema mimi."

Alisikia redio ya jikoni kwa Gordy, na kijiko kikiwekwa chini.

"Nani amekuona?" Gordy aliuliza, polepole.

"Darla. Na Curt Lindfors."

"Hao watanyamaza. Wendell, sikiliza. Mimi sitakuuliza sahani. Unanisikia? Njoo tu, tutapanda pamoja, mimi nitakubebea."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba Gordy, aliyeosha vyombo wiki nzima, alisema bila hata chembe ya kejeli. Wendell alitaka kukubali. Alitaka sana.

"Nitakuja," alisema. "Nitapika, nitachoma kuni. Dunguni siendi."

Alikata simu kabla sauti haijamsaliti, akaikunja sahani mara mbili. Kisha akateremka, goti likilalamika, akaitoa bunduki kwenye kiti cha nyuma na kurudi nayo mstarini. Darla alikuwa anakusanya maganda kwa reki.

"Nitunzie hii mpaka msimu uishe," alisema Wendell.

"Mzee wangu, si lazima. Neno lako latosha."

"Halitoshi. Najijua. Ikilala kwangu, Jumatatu alfajiri nitapata sababu."

Darla aliegemeza reki ukutani. Akaipokea kwa mikono miwili, akavuta komeo, akachungulia ndani kuhakikisha hamna risasi, kama anavyofanya kwa bunduki ya mtu yeyote anayemwamini na asiyemwamini.