Siki ya Saa Tisa

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, mpishi wa mahabusu ya kituo cha polisi alifungua bomba la jikoni kwake ateke maji ya chai, ikatoka siki. Aliinusa, akaionja kwa ncha ya ulimi, akaosha birika kwa maji ya ndoo, akafungua tena. Siki. Wifi yake, ambaye waliishi naye nyumba moja na ambaye hajapata kukipa mgongo kitu cha bure, alichungulia akasema, "Usimwage, wifi. Ngoja nilete chupa."

Fundi bomba alikuja Ijumaa iliyofuata. Alipofungua yeye yalitoka maji. Alipofungua mpishi ilitoka siki. Akaonja vyote viwili kwa zamu. "Bomba zima," akasema. "Na siki ni nzuri." Akaomba chupa moja ya kumpelekea mke wake, akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Jambo likazoeleka. Kila Ijumaa, toka saa tisa hadi jua kuzama, majirani walijipanga uani na makopo yao, vitunguu vimeshamenywa. Mmoja aliapa kwamba inang'arisha vioo vya madirisha kuliko sabuni yoyote. Kwa nini siki, kwa nini Ijumaa, hakuna aliyeuliza.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na mpishi alijua. Wiki moja kabla ya siki kuanza, fundi wa makufuli aliletwa mahabusu kwa sababu duka fulani lilikuwa limefunguliwa bila kuvunjwa, na mjini pale ni nani mwingine angeweza kufungua hivyo? Koplo wa zamu alimwambia mpishi, "Huyo asipewe kitu mpaka aseme." Siku ya tatu, Ijumaa, kuanzia saa sita mchana, fundi akaanza kuomba maji. Hakupiga kelele. Alisema tu, nyuma ya mlango, "Mama, naona kiu."

Mpishi alikuwa na jagi la maji mkononi, hatua tatu kutoka mlangoni, na kidirisha cha mlango kilikuwa wazi. Alirudi jikoni, akayamimina yale maji kwenye sufuria ya maharage. Saa tisa fundi alikata roho. Karatasi iliandikwa: homa ya ghafla, marehemu alipewa maji na mpishi. Koplo akaonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi, naye akatia.

Sahihi hiyo ndiyo aliyotaka ifutwe. Alikwenda kwa karani wa kituo, akasimama mbele ya meza yake na khanga yake ya kazini.

"Jalada limefungwa, mama," karani alisema bila kuinua uso.

"Si ulifungue."

"Aliyejua kufungua vilivyofungwa ndiye huyo aliyekufa." Karani alicheka kidogo, kisha akamtazama vizuri. "Kumbe wewe ndiye yule wa siki! Mke wangu ananisumbua kila siku."

Alikwenda kwa padre akaungama. Padre akamwondolea dhambi.

"Na ile karatasi, Padre?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Sali." Na walipokutana nje, baada ya misa, padre akamwomba chupa moja kwa ajili ya Ijumaa Kuu.

Siku hiyo chupa ilisimama chini ya msalaba, na kando yake sifongo kwenye ncha ya fimbo. Padre alihubiri juu ya kiu ya Bwana. "Fikirini," alisema, "mtu anakufa, anaomba maji, na waliosimama pale wanasikia." Kanisa zima lililia. Koplo, benchi la pili, alijifuta macho kwa leso iliyopigwa pasi. Mpishi alimlilia Yesu, akamlilia fundi wa makufuli, akashindwa kuwatenganisha.

Saa kumi na moja alimkuta mwanamke mzee ameketi kizingitini kwake, viatu amevivua, miguu imejaa vumbi.

"Mimi ni mama yake fundi wa makufuli," alisema. "Walinisomea karatasi. Nimekuja kukushukuru kwa yale maji."

Mpishi alimkaribisha ndani. Mzee akaketi, akapumua. "Nipe na mimi kidogo, mwanangu. Nimetembea."

Angeweza kumwita wifi yake, aliyekuwa chumbani akibadili nguo. Kwa mkono wa wifi yangetoka maji. Hakumwita. Alifungua bomba mwenyewe, akajaza kikombe, akampa kwa mikono miwili.

Mzee alipiga funda moja, akalizuia mdomoni, akalimeza.

"Hiki ndicho alichopewa?"

"Hakupewa kitu, mama."

Chumbani wifi aliacha kufungua na kufunga kabati.

"Aliomba mara ngapi?"

"Nilihesabu nne. Kisha nikaongeza sauti ya redio."

Mzee alikishika kikombe kwa muda mrefu. "Wiki saba nimekuombea," alisema. "Kila siku, wewe kwanza, halafu yeye."

Mpishi alisubiri laana, na angeipokea kwa furaha. Haikuja. Mzee alikunywa siki yote, akaenda kwenye bomba akasuuza kikombe, na kwa mkono wake yalitoka maji. Akakifudikiza mezani, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Jumanne mpishi alirudi kwa karani. Jalada lilikuwa limefungwa. Akarudi Alhamisi. Ijumaa, saa tisa, majirani walikuwa uani na makopo yao, na mke wa karani mbele ya wote. Mpishi akafungua bomba, akamjazia. Karatasi inasema mpaka leo kwamba fundi wa makufuli alipewa maji.