Mzizi Usiotajwa wa Kokwijuka

Bibi Kokwijuka wa Buhembe alikuwa akisema kwamba kahawa yake ya kutafuna ndiyo inayokimbia, mjukuu wake Elieth anaisindikiza tu. Kisha anaongeza mwenyewe kabla hujamsifu: mbuzi wake naye huiiba kila wiki, na hajawahi kushinda kitu isipokuwa ugomvi.

Basi maneno hayo yakatembea. Elieth aliposhinda mbio za kilomita kumi kule Kashai, sifa ya kahawa ilimtangulia nyumbani, na siku ya Jumanne mwalimu wake wa mbio, Mujuni, akafika na fomu. Mgeni ni mgeni. Kokwijuka akamletea kahawa kwenye kikapu kidogo, na Mujuni, Mhaya aliyelelewa vizuri, hakuweza kukataa. Akatafuna punje tano ndipo akasema lililomleta.

"Mama, mbio za Muleba ni Jumamosi, na wakimbiaji wanaweza kupimwa dawa za kuongeza nguvu. Kila anachomeza mkimbiaji lazima nikiandike. Kahawa hawaikatazi. Ila watu wanasema unaichemsha na mzizi."

"Wa mama yangu," akasema Kokwijuka, shingo juu. "Hautajwi jina."

"Usipotajwa, Elieth simpeleki."

"Makubwa, waitu, jamani. Wewe ukinywa chai asubuhi, ukapuliza filimbi mpaka kuku wa watu wakakimbia, ile ni pumzi yako au ni majani ya chai? Na hizo punje tano ulizotafuna hapo, mbona hujaandika jina lako?"

Mujuni akacheka, lakini kalamu haikusogea. "Ndiyo maana nauliza, Mama. Mstari wa chokaa uwanjani nauona. Huu mwingine, wa kinachoruhusiwa na kinachokatazwa, siuoni vizuri, kwa hiyo nisichokijua nakiogopa."

Kokwijuka angeweza kubishana naye mpaka jioni. Lakini Elieth, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, aliweka kisu chini.

"Bibi, kule Kashai nilishinda mimi, au ulishinda wewe?"

Swali hilo lilimpata bibi pabaya. Miaka ishirini watu wanakuja kutoka hata Rwamishenye kununua kahawa yake kwa ajili ya mzizi ule. Akisema kweli, sifa imekwisha. Asiposema, mtoto atabaki nyumbani akiamini miguu yake ni ya kuazima. Akainuka polepole, akawaongoza nyuma ya jiko, akanyoosha kidole kwenye kichaka cha mchaichai kando ya bafu.

"Mzizi ndio huo?" akauliza Mujuni.

"Hata mzizi si mzizi, ni majani. Mama yangu aliniachia sufuria tu, tena imetoboka."

Mujuni akaandika: kahawa, mchaichai. Elieth akachuma jani moja, akalinusa.

"Muleba sitatafuna hata punje," akasema. "Nataka kuona miguu yangu peke yake inafika wapi."

Jumamosi Kokwijuka alisimama Muleba kwenye utepe wa mwisho, kifurushi cha kahawa kilichofungwa kwa jani la mgomba kikiwa kwapani, hakijafunguliwa. Watatu wa kwanza ndio wangeingia timu ya mkoa. Elieth akatokea konani akiwa wa sita. Mwanzo wa mlima akampita mmoja. Katikati akampita mwingine. Bibi akakibana kifurushi, na hatua chache kabla ya utepe mjukuu akampita wa tatu.

"Wa tatu, Bibi," akasema Elieth akihema, kama mtu aliyeokota kitu chake alichodhani kimepotea. "Nimefika mwenyewe."

Kokwijuka akamshika mashavu, utani wote ukamkauka. Lakini haukukauka kwa muda mrefu. Elieth alipokwenda kunywa maji, wanawake wawili wa pale Muleba walimsogelea bibi wakauliza yule binti analishwa nini.

Bibi akatazama kushoto, akatazama kulia. Akafungua kifurushi.

"Kuna mzizi," akanong'ona, "wa mama yangu. Hautajwi jina."

Nyuma yake mtu akakohoa. Alikuwa Mujuni, fomu mkononi, na Elieth kando yake amejishika kiuno.

"Mzizi gani tena huo, Mama?"

Kokwijuka akatia punje tatu mdomoni, akaanza kutafuna.